Uzoefu wangu: kadi ya mtandaoni ya kwenye simu kwa mnunuzi wa Moshi

Ninaoka keki za oda nyumbani, mtaa wa Soweto hapa Moshi, na vifaa vingi vya kazi hii nimevinunua mtandaoni kwa kutumia kadi ya mtandaoni, yaani ile kadi isiyo na plastiki ambayo kampuni za simu huitoa ndani ya menyu ya pesa za simu. Wapo wanaoisifu kadi hii kana kwamba inaondoa kila hatari, na wapo wanaoiona kuwa njia nyingine tu ya kukatwa makato. Nimeitumia kwa muda wa kutosha kuweza kusema inafaa kwa kazi gani na inakwama wapi. Kampuni yangu sitaitaja, kwa sababu nina malalamiko nayo na pia kwa sababu kampuni kubwa za simu zinatoa huduma inayofanana na hii.

Tangu soko la mtandaoni la Jumia lilipofunga shughuli zake Tanzania Novemba 2019, mnunuzi wa mkoani amebaki na njia chache. Ipo ya wauzaji wa Instagram na WhatsApp, ambao wengi wako Kariakoo na hutuma mzigo kwa basi hadi stendi ya Moshi. Yapo pia masoko ya nje kama AliExpress, Shein na Amazon, ambayo hudai kadi, na ni kwa ajili ya hayo nilianza kutumia huduma hii, maana kadi ya benki yenye akiba yangu yote sikuwa tayari kuiingiza kwenye tovuti nisiyoijua vizuri.

Kuipata ni kazi ndogo. Unaingia kwenye menyu, unachagua huduma za kadi, unaweka namba ya siri, na simu inakuletea namba ya kadi yenye tarakimu 16, tarehe ya mwisho wa matumizi na tarakimu tatu za usalama. Kwangu taarifa hizo zilikuja kwa ujumbe mfupi, jambo ambalo silipendi, kwa kuwa yeyote atakayeishika simu yangu ikiwa wazi anaweza kuzisoma. Nilizinakili kwenye daftari na kuufuta ujumbe saa ile ile. Faida yake kubwa ni kwamba kadi haina kitu mpaka wewe uijaze. Nikitaka kununua kifaa cha shilingi elfu 50, nahamisha elfu 50 na kidogo cha kufidia mabadiliko ya bei ya dola, nalipa, na kadi inabaki karibu tupu. Hata kama tovuti itaibiwa taarifa za wateja wake kesho, mwizi atakuta kadi isiyo na salio.

Kuhusu gharama, sifa zangu zinapungua. Bei za masoko ya nje ziko kwa dola, na kampuni hubadilisha shilingi kwa kiwango chake yenyewe. Nililinganisha kiwango hicho na kile ambacho Benki Kuu ya Tanzania hukitangaza kila siku kwenye tovuti yake, na nikakuta nimelipa takribani shilingi 90 zaidi kwa kila dola. Kwa seti ya midomo ya kupambia keki ya dola 8 hilo si jambo la kukukosesha usingizi, lakini kwa mashine ya dola 60 ni zaidi ya shilingi elfu tano zinazopotea bila mtu kukuambia, kwa sababu kiwango hicho hakionyeshwi kabla hujathibitisha malipo. Unakiona baadaye, ukigawanya mwenyewe kilichokatwa kwa idadi ya dola.

Hesabu ya kodi pia lazima ifanywe kabla ya kulipa. Bidhaa nyingi zilizokamilika zinazoingia kutoka nje ya Afrika Mashariki hutozwa ushuru wa forodha wa 25%, na zipo zilizomo katika kundi la 35%, ambalo Jumuiya ilianza kulitumia Julai 2022. Kwa mzigo wa meli, ushuru huo hupigwa juu ya bei pamoja na usafiri na bima, kisha VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ya 18% hupigwa juu ya jumla yote, ushuru ukiwemo. Maana yake ni kwamba mzigo uliokugharimu shilingi 100,000 hadi kufika bandarini unaweza kufika 147,500 kwa kodi hizo mbili peke yake, kabla ya tozo nyingine ndogo. Mimi hupiga hesabu hiyo kana kwamba kila senti itatozwa, na bei ikibaki chini ya ile ya maduka ya hapa mjini, ndipo nanunua. Ile seti ya midomo ilipita mtihani huo kwa urahisi, kwa kuwa dukani niliambiwa 45,000 na mtandaoni, hata kwa hesabu ya kodi kamili, haikufika 35,000. Makopo ya kuokea hayakupita, maana uzito wake unakula faida yote kwenye usafiri.

Nitoe neno kuhusu punguzo. Masoko ya China hufanya mauzo makubwa tarehe 11 Novemba, desturi ambayo kampuni ya Alibaba iliianzisha mwaka 2009, na wiki hiyo simu hujaa matangazo ya nusu bei. Nilichojizoesha ni kuweka bidhaa kwenye kikapu mapema, mwezi mmoja kabla au zaidi, na kuandika bei yake pembeni. Bidhaa kadhaa nilizozifuatilia zilipandishwa bei siku chache kabla, kisha zikashushwa hadi karibu pale pale zilipokuwa. Punguzo la kweli lipo, ila bila bei ya zamani mkononi hutalitambua.

Kilichoifanya tathmini hii iwe ndefu ni mashine ya kupigia mayai na siagi. Niliiagiza kutoka soko moja kubwa la China, nikachagua kwenye ukurasa wa muuzaji toleo la volti 220, ambalo linaendana na umeme wetu wa volti 230. Kilipofika kifurushi Posta, pale kwenye mzunguko wa saa, nilikifungulia hapo hapo mezani huku nikirekodi kwa simu, kuanzia lebo yenye jina langu hadi kifaa chenyewe. Boksi lilikuwa sahihi na rangi ilikuwa sahihi. Chini ya mashine, kwenye kibandiko cha rangi ya fedha kisichozidi upana wa vidole viwili, paliandikwa 110V, 60Hz. Kifaa cha namna hiyo kikichomekwa kwenye soketi zetu bila transfoma huungua injini, na pengine huanza kutoa moshi kabla mkono wako haujaiwahi swichi.

Masoko haya makubwa hushikilia fedha ya mnunuzi na kumkabidhi muuzaji baada tu ya mnunuzi kuthibitisha kuwa amepokea mzigo salama, au baada ya muda fulani kupita bila malalamiko. Kwa hiyo sikubonyeza kitufe cha kuthibitisha. Nilifungua dai, nikaambatanisha picha ya kibandiko, picha ya ukurasa wa oda unaoonyesha toleo nililolichagua, na ile video ya Posta. Muuzaji alijibu haraka na kwa adabu nyingi, akaniomba nilifunge dai ili anitumie mashine nyingine bure. Nilikataa. Dai likishafungwa mara nyingi halifunguki tena, na mashine ya pili ingetumia wiki kadhaa njiani huku muda wa ulinzi ukiisha. Vivyo hivyo sijawahi kukubali muuzaji anaponishawishi tuhamie WhatsApp ili anipunguzie bei, kwa kuwa malipo yakifanyika nje ya soko, soko halina fedha yoyote ya kukurudishia. Dai langu lilikubaliwa na nikaambiwa fedha yote inarudi kwenye kadi niliyolipia.

Ni hapo nilipoujua udhaifu wa kadi hii, na sijauona ukitajwa na wanaoshauri watu. Ushauri ulioenea ni kwamba ukimaliza kununua uifute kadi na kutengeneza nyingine. Ushauri huo unapendeza mpaka siku unayodai fedha zako, kwa kuwa marejesho hurudi kwenye namba ile ile ya kadi iliyolipa, na kadi ikiwa imeshafutwa fedha hiyo haina pa kutua. Kadi yangu ilikuwa hai, tupu tu, na bado nilisubiri. Soko liliandika kuwa limeshalipa, ilhali salio langu halikusogea. Nilipiga 100, namba ya huduma kwa wateja ya mitandao yote, na mhudumu wa kwanza akaniambia niwasiliane na benki yangu. Nikamweleza kwa utulivu, "Dada, kadi hii ni yenu, sina benki hapa." Aliyefuata alinisikiliza, akaomba namba ya kumbukumbu ya marejesho kutoka kwenye soko, akafungua malalamiko rasmi. Fedha iliingia baadaye, kwenye kadi na si kwenye salio la kawaida la pesa za simu, kwa hiyo ilinibidi niirudishe mwenyewe kupitia menyu. Ilikuwa pungufu kidogo kwa sababu ya kiwango cha dola cha siku hiyo. Tangu hapo kadi naiacha tupu na siifuti mpaka muda wa kudai kwa oda zote uwe umepita, na kila oda nahifadhi picha ya ukurasa wake pamoja na ujumbe wa makato.

Kwa wauzaji wa ndani kadi haina kazi, kwani wao wanataka pesa za simu, na ulinzi wa kushikilia fedha haupo. Hapa tahadhari ni za aina nyingine. Muuzaji akikwambia, "Dada, tuma na ya kutolea," muulize kama ana lipa namba, kwa sababu ukilipa kwa lipa namba hakuna ya kutolea ya kuongeza, na jina la biashara hutokea kwenye simu yako kabla hujaweka namba ya siri. Jina likitofautiana na lile la ukurasa wake, mimi husitisha na kuuliza. Kabla ya hapo huomba picha mpya ya bidhaa ikiwa na kipande cha karatasi kilichoandikwa jina langu la kwanza pembeni. Mwenye mzigo huipiga kwa dakika mbili, na asiye nao huanza kueleza kuwa stoo imefungwa. Muuzaji wangu wa rangi za keki, ambaye yuko Kariakoo, hutuma picha ya karatasi hiyo bila hata kuombwa, kisha picha ya risiti ya basi yenye namba ya gari, na kwa sababu hiyo sijaona haja ya kutafuta mwingine hata wenzake wakishusha bei.

Ukishaanza kuagiza vitu, jumbe za kitapeli huongezeka au angalau huanza kukuingia akilini, hasa zile zinazosema kifurushi chako kimezuiliwa na unatakiwa ulipe kiasi kidogo kwenye namba fulani. Malipo ya Serikali hulipwa kwa kumbukumbu namba (control number) inayotolewa na mfumo, hayatumwi kwa simu ya mtu. Jumbe za namna hiyo, pamoja na zile za "ile pesa tuma kwenye namba hii", nazipeleka 15040, namba ambayo TCRA, yaani Mamlaka ya Mawasiliano, iliitenga kwa ajili hiyo. Mara moja moja pia hupiga *106# kuangalia kama kuna laini ngeni iliyosajiliwa kwa kitambulisho changu cha NIDA. Muuzaji wa vipodozi aliyeniomba picha ya kitambulisho hicho "kwa ajili ya usafirishaji" sikumpa. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inatumika tangu tarehe 1 Mei 2023, na anayetuma mzigo kwa basi anahitaji jina na namba ya simu tu.

Kwa jumla, ningeipa huduma hii ya kadi nyota nne kwa usalama na mbili kwa gharama, na kwa upande wa huduma kwa wateja ningesubiri kwanza wahudumu wote waijue bidhaa yao. Inawafaa wanaonunua vitu vidogo, vyepesi, visivyopatikana hapa au vinavyouzwa hapa kwa bei ya kuonea. Haimfai anayetaka kuagiza mzigo mkubwa. Huyo ni afadhali atumie mawakala wanaokusanya mizigo Guangzhou, China, na kutoza kwa kilo au kwa CBM, yaani mita za ujazo, baada ya kuzungumza na mtu aliyewahi kuwatumia. Oveni yangu mpya nimeinunua dukani Arusha kwa bei ya juu kidogo, nikaijaribu mbele ya muuzaji, nikaondoka na risiti ya EFD na dhamana ya mwaka mmoja. Kwa kampuni ya simu ombi langu ni dogo: kiwango cha dola kionekane kwenye skrini kabla ya namba ya siri, na marejesho yaingie moja kwa moja kwenye salio la pesa za simu.