Uzoefu wangu na filecmp ya Python: usisahau shallow=False

Kazi yangu kubwa ni kunakili mafaili, picha za risiti na orodha za bei, kutoka kompyuta za maduka kwenda kwenye diski ya akiba. Baada ya kunakili linabaki swali moja: je, kilichofika ndicho kilichotoka? Hilo nalikagua kwa filecmp, moduli inayokuja na Python yenyewe, huhitaji kusakinisha chochote.

Naipenda kwa wepesi wake. Unaita filecmp.cmp, unaipa mafaili mawili, inakujibu True au False. Saizi zikitofautiana, jibu ni papo hapo bila kufungua faili. Ikibidi isome, inasoma kilobaiti 8 kwa zamu na kuacha mara inapokutana na tofauti, hivyo hata video ya gigabaiti kadhaa haijazi RAM.

Ila kuna jambo ambalo kila anayeitumia lazima alijue. Ukiiacha ilivyo, huanza kwa kutazama aina ya faili, saizi yake na saa lilipobadilishwa mara ya mwisho. Vyote vitatu vikilingana, inasema True bila kusoma hata baiti moja. Jaribu: andika "sukari 2800" kwenye faili moja na "sukari 3200" kwenye lingine, kisha yape yote saa moja kwa os.utime. Utaambiwa ni sawa! Weka kigezo shallow=False, yaani isikague juujuu, inasoma yaliyomo na kujibu False.

Hili hutokea kweli kazini. shutil.copy2 hunakili na saa ya faili la asili. Diski ikichakaa na baiti zikaharibika, saizi na saa hubaki zilezile, na ukaguzi wa juujuu unaipitisha nakala mbovu. Ndiyo maana kwangu shallow=False ni lazima, hata folda ikichukua muda mrefu. Tena, programu yako ikikaa hewani muda mrefu, ita filecmp.clear_cache kabla ya kukagua upya, maana moduli hii hukumbuka majibu ya nyuma kwa kuangalia saizi na saa hizohizo. Na dircmp, ile ya kulinganisha folda, ilipata kigezo cha shallow kuanzia Python 3.13 tu, kwenye matoleo ya nyuma hukagua juujuu na huna pa kuibadilisha.

Nikitaka kuona mistari iliyobadilika nahamia difflib, moduli nyingine ya Python. unified_diff inatosha kwangu, na HtmlDiff hutoa jedwali la rangi ambalo hata mwenye duka analielewa. Kwa mafaili makubwa difflib ni nzito mno, siitumii.

Usishangae filecmp ikisema False huku unified_diff haionyeshi kitu. Mara nyingi faili moja limetoka Windows, ambako mwisho wa mstari huandikwa kwa baiti mbili badala ya moja. filecmp inahesabu kila baiti, lakini open ya kawaida ya Python huzigeuza hizo kuwa mstari mpya wa kawaida kabla difflib haijaziona.

Nakala ikiwa kwenye mashine nyingine ya mbali, filecmp haifai. Hapo natoa SHA-256, alama fupi inayokokotolewa kutokana na yaliyomo kwenye faili, kila upande kwa hashlib.file_digest, iliyopo tangu Python 3.11, nalinganisha herufi 64 badala ya kuvuta faili zima kwa bando.