Apu za kukumbusha dawa kwa mtoto mwenye saratani ya damu: zipi nimebaki nazo na ipi nimeifuta

Kama mtoto wako anamalizia antibayotiki za siku tano hii haikuhusu sana, seti alamu ya simu inatosha. Mi naongelea watoto wa dawa za muda mrefu, waliopandikizwa figo, wenye selimundu, na hasa hawa wa saratani ya damu aina ya ALL kama wa kwangu, ambao wakishatoka kwenye dripu wanarudishwa nyumbani na vidonge vya karibu miaka miwili. Hapo ndo apu inapimwa kwelikweli, maana nesi hayupo, ni wewe, simu, na mtoto aliyebana meno.

Ratiba yenyewe ilivyo sasa. Mercaptopurine, dawa ya kupambana na seli za saratani, ni kila siku, ila vidonge vinakuja vya miligramu 50 na mtoto anapigiwa hesabu kwa ukubwa wa mwili, kwa hiyo unaweza kuambiwa Jumatatu mpaka Alhamisi ampe kimoja, Ijumaa mpaka Jumapili kimoja na nusu. Methotrexate, nayo ni ya saratani, mara moja tu kwa wiki. Cotrimoxazole ya kukinga nimonia siku mbili au tatu za wiki. Wengine wanaongezewa steroidi siku chache kila mwezi. Alafu ukienda kupima damu ukakuta seli nyeupe zimeshuka, daktari anapunguza au anasimamisha kabisa na ratiba yote uliyoipanga inakufa. Apu nyingi zimetengenezwa kwa mtu mzima wa kidonge kimoja cha presha asubuhi, ukiziletea mambo haya zinachanganyikiwa.

Apu ya kwanza, jina naliacha, ina rangi nzuri na katuni kila kona, ila ukiingiza dawa yoyote inaiweka ya kila siku yenyewe, mpaka uzame kwenye setingi, menyu ndani ya menyu, ndo ukute sehemu ya kuchagua "kila wiki". Nikaitazama methotrexate imepangiwa siku saba mfululizo nikasema hapana, hii naifuta leo leo. Dawa hiyo ikinywewa kila siku badala ya kila wiki ni sumu, inaua uboho, inachubua mdomo na utumbo, na watu wameshakufa kwa kosa hilohilo. Yani apu ya watoto wagonjwa inashindwaje kukuuliza siku gani kabla ya kusevu? Ukidaunlodi yoyote anza na jaribio hilo, ingiza dawa ya mara moja kwa wiki uone inafanyaje.

Niliyobaki nayo ni Medisafe. Ilianzishwa 2012 na ndugu wawili wa Israeli baada ya baba yao, mgonjwa wa kisukari, kujidunga insulini mara mbili bila kujua, na hiyo historia unaiona kwenye kazi yake kwa sababu kuna sehemu ya kumuunganisha mtu mwingine, dawa isipotikiwa, yaani isipowekewa alama kwamba imenywewa, yeye anapata ujumbe. Kwa mtoto mwenye walezi watatu hii ni dhahabu. Kwetu bibi yake anampa, mama anarudi kachoka anauliza "kashakunywa?", mtoto anajibu "ndiyo" hata kama hajanywa, sasa hivi tunaangalia simu hatubishani. Ila muwekeane sheria kwamba anayetiki ni yule aliyeona kidonge kimemezwa na mdomo umefunguliwa, otherwise mnatiki hewa. Samahani kwa kizungu, vinginevyo.

Wenye iPhone hamna haja ya kudaunlodi kitu, tangu iOS 16 ya 2022 kuna sehemu ya dawa ndani ya apu ya Afya, na iOS 17 ikaongeza kukumbusha tena usipotiki. Unachagua siku za wiki unazotaka, safi kabisa. Na ile shida ya kimoja na kimoja na nusu, ujanja ninaotumia ni kuiingiza dawa ileile mara mbili, moja ya siku za kidonge kizima nyingine ya siku za nyongeza, kila moja na jina lake ili bibi asichanganye.

Kwenye Android kuna kero nyingine, simu inajifanya inatunza betri inaiua apu kimyakimya, saa ya dawa inapita hamna mlio. Nenda kwenye setingi za betri uiruhusu apu ifanye kazi muda wote. Kukosa dozi moja moja kunaonekana kitu kidogo ila kwa ugonjwa huu siyo kidogo, utafiti uliotoka 2012 kwenye Journal of Clinical Oncology ulionyesha watoto waliokunywa chini ya asilimia 95 ya dozi zao za mercaptopurine ndo waliokuwa kwenye hatari zaidi ya ugonjwa kurudi. Piga hesabu, dozi 30 za mwezi ukikosa mbili tu umeshashuka hapo.

Sasa ukweli wenyewe, alamu inamkumbusha mzazi, haimfanyi mtoto ameze. Wa kwangu anaijua dawa imefika saa yake kuliko mimi, hataki tu. Kwa wakubwa kuna gemu la Re-Mission la HopeLab, la 2006, unaongoza karoboti kanakopiga seli za saratani ndani ya mwili. Walilipima kwa wagonjwa 375 wa miaka 13 mpaka 29, matokeo yakatoka 2008 kwenye jarida la Pediatrics, na waliolicheza walishika dawa zao vizuri zaidi ya waliopewa gemu la kawaida. Kwa kijana aliyechoka kuamrishwa naona ina maana, anaelewa kidonge kinaenda kufanya nini. Kwa mtoto wa miaka mitano bado ni stika, juisi na uvumilivu.

Halafu hakuna hata moja niliyoona ina kitufe cha "ametapika". Umeshatiki kwamba amekunywa, baada ya dakika kumi dawa iko sakafuni, na kurudia dozi bila kuuliza hospitali haturuhusiwi, sasa unaandika wapi? Mi naandika kwenye sehemu ya maelezo, na siku ya kliniki namfungulia daktari simu asome mwenyewe. Jina la mtoto nimeweka herufi mbili tu, hizo data sijui zinaishia wapi.

Medisafe nyota nne. Wakiweka hicho kitufe naipa ya tano.