Taa ya uwanja wa mazoezi: sola ya Kariakoo au umeme wa LUKU?

Dar es Salaam jua huzama kati ya saa 12 na dakika chache na saa 1 kasorobo, mwaka mzima. Kijana anayesoma anarudi nyumbani saa 11, anakula, anachota maji, na kikundi kinapotimia uwanjani giza limeshaingia. Ndiyo maana majirani wakikaa kikao kuchangia vijana wa ngoma, sarakasi au dansi ya singeli, taa ndiyo inayotakiwa kabla ya spika na sare. Na ndiyo maana inauma mchango wa kaya nzima nzima ukiishia kwenye taa inayofifia saa 2 usiku, vijana wakiwa katikati ya mazoezi na wadogo wakiwa hawajarudi kwao.

Taa tunazozitathmini hapa ni za aina tatu: sola yenye paneli yake pembeni na waya wa mita kama tano, sola ya kipande kimoja yenye sensa ya mtu kupita, na taa ya LED ya umeme wa kawaida. Hukumu yetu haifichiki. Kama kuna jirani mmoja mwenye mita ya LUKU ukutani karibu na uwanja na anakubali, uwanja uwashwe kwa umeme. Sola iwekwe vichochoroni, kwenye njia ya kurudia nyumbani. Sola kwa uwanja mzima ni ya mahali pasipo na umeme, na hapo inabidi ununue kwa hesabu, si kwa maandishi ya boksi.

Maandishi ya boksi ndiyo tatizo la kwanza. Taa imeandikwa wati 300, imechapwa kwa rangi nyekundu, na mwenye duka anaiwasha mbele yako hadi unafumba macho. Geuza nyuma usome betri. Mara nyingi utakuta volti 3.2, ampea-saa 10. Zidisha: wati-saa 32. Taa ya wati 300 za kweli ingeimaliza betri hiyo kwa dakika sita na ushee. Kwa hiyo si wati 300, na muuzaji naye anajua. Ukitaka mwanga wa saa tatu kutoka kwenye betri hiyo, unachopata ni wati 10, basi. Ukitaka hadi alfajiri, ni chini ya wati 3, ambazo zinatosha kuonyesha tundu la kufuli.

Paneli nayo ipime kwa futi kamba pale pale dukani. Chukua urefu na upana kwa mita, zidisha, kisha zidisha kwa 180. Paneli ya sentimita 30 kwa 35 inatoa wati 19 hivi jua likiwa kali, hata kama nyuma imebandikwa wati 60. Paneli ya kweli ya wati 300 ina urefu wa zaidi ya mita moja na nusu na upana wa mita moja, huwezi kuibeba kwapani. Hizo wati 19, kwa jua zuri la muda wa saa tano na hasara za njiani, zinaingiza zaidi ya wati-saa 60 kwa siku: betri inajaa na kubaki. Masika hali ni nyingine. Siku ya mawingu mazito unaweza kupata sawasawa na saa moja na nusu tu ya jua kali, yaani wati-saa 20 hivi, na taa iliyokuwa ikifika saa 3:30 inazima saa 2:20 hivi. Watu husema taa imeharibika. Haijaharibika, haikushiba.

Sasa uwanja unahitaji nini? Chukua eneo la mita 10 kwa 12. Ili mtu aone mguu wake unatua wapi na amwone mwenzake anayeruka, tunapendekeza lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 20 kwa kila mita ya mraba kama kiwango cha chini, ambayo ni lumeni 2,400 zinazofika chini. Karibu nusu ya mwanga hupotea hewani na kwenye kuta za watu, kwa hiyo taa zitoe jumla ya 5,000 hivi. LED ya kawaida hutoa lumeni 100 hadi 120 kwa wati. Hesabu inakuja kwenye wati 42 hadi 50 za kweli: taa nne za sola za aina tuliyoipima hapo juu, kila moja ikitumia wati 10 na zaidi kidogo na kumaliza betri yake yote kila usiku, au taa mbili za umeme za wati 30.

Mbili, si moja ya wati 60. Taa moja humtupia kila mchezaji kivuli kirefu, na kwenye sarakasi kivuli cha aliye juu humwangukia usoni anayemdaka. Ziweke pande mbili zinazotazamana, urefu wa mita 4 hadi 5, zikiinama kuelekea katikati. Zikiwekwa chini ya mita 3 zinapiga machoni, na mdakaji anayetazama juu haoni kitu kwa sekunde ambayo ndiyo hasa anahitaji kuona. Kama kikundi kinajenga piramidi za watu, amueni kwanza wadakaji wanatazama upande gani, ndipo mtoboe ukuta.

Gharama ya umeme ni ndogo kuliko majirani wanavyoogopa. Taa mbili za wati 30 kwa saa tatu ni uniti 0.18. Mazoezi ya siku nne kwa wiki yanakula uniti 3 hivi kwa mwezi, na kila siku bila kupumzika ni uniti 5.4. Kikwazo kiko kwingine. Mwenye nyumba aliye kwenye daraja la matumizi madogo la TANESCO, lenye ukomo wa uniti 75 kwa mwezi, akivuka hapo uniti za ziada anatozwa bei ya juu zaidi. Jirani anayetumia 72 akibebeshwa taa za uwanja, anaumia yeye kwa wema wake. Chagueni nyumba ambayo ama iko mbali na ukomo huo au imeshauvuka, na fungeni mita ndogo kama zile za wapangaji ili kila mwezi kikundi kirudishe uniti zilizosomeka. Nunueni uniti, muingize tokeni siku hiyo hiyo. Ahadi ya "tutakulipa" ndiyo inayozima taa nyingi zaidi kuliko kukatika kwa umeme.

Mita ya LUKU pia inakusaidia kupima ukweli wa taa. Zima kila kitu ndani ya nyumba, washa taa mbili, tazama kijitaa chekundu kinachopepesa. Kwenye mita iliyoandikwa 1000 imp/kWh, yaani mipepeso 1000 kwa uniti, wati 60 hupepesa mara 10 kwa dakika 10. Ukihesabu 5, umeuziwa taa za wati 15 kila moja. Fanya hivyo kabla risiti haijapotea.

Kipimo cha pili ni cha simu, na vikundi vya sanaa visikikose. Taa za umeme za bei ya chini hupepesa mara 100 kwa sekunde kufuata umeme wetu wa hezi 50. Jicho halioni, kamera inaona: video ya dansi inatoka na mistari myeusi inayopanda na kushuka, na kikundi kinachotegemea video kupata mialiko kimeharibiwa kazi. Dukani, fungua kamera kwenye mwendo wa polepole, elekeza kwenye taa. Mwanga ukitulia, chukua. Ukicheza, rudisha rafuni. Baadhi ya sola nazo hucheza zikipunguza mwanga, hivyo zijaribu zikiwa kwenye mwanga mdogo pia. Rangi ya mwanga tunapendelea ya kati, 4000K. Ile ya buluu ya 6500K inayopendwa madukani inachosha macho, na mvua za kwanza za vuli zikinyesha kumbikumbi wanaijaa kuliko taa ya njano.

Ufungaji wa umeme wa nje apewe fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji. Waya upite ndani ya bomba, taa iwe na waya wa ardhini uliofika kweli, na saketi ilindwe na RCD ya miliampea 30 inayokata umeme ukivuja kupitia mwili wa mtu. Kurefusha umeme kwa ekstensheni iliyolala mchangani, vijana wakiwa pekupeku na ardhi imelowa, hapana, hata kwa usiku mmoja wa onyesho. Spika nazo ziingie kwenye saketi hiyo hiyo yenye RCD.

Ukilazimika kutumia sola uwanjani, nunua ile yenye paneli pembeni. Taa na betri vinakaa kivulini chini ya bati, paneli inabaki juani, na joto huua betri haraka. Paneli iinamishwe nyuzi 10 hadi 15 ikitazama kaskazini, mbali na kivuli cha mwembe na cha simtanki, kwa sababu kivuli kwenye kona moja tu kinapunguza paneli nzima. Vumbi la ngoma huganda juu yake, ifuteni kila wiki. Na msirefushe waya kwa vipande vya waya mwembamba. Paneli ya volti 6 ikitoa ampea 3 kupitia mita 10 za waya wa milimita za mraba 0.5 inapoteza karibu volti 2 njiani, betri haijai milele, na fundi atawaambia mnunue betri mpya.

Betri ikifa kweli, soma kibandiko kabla ya kubadilisha. Ya 3.2 hujazwa hadi volti 3.65, ya 3.7 hujazwa hadi 4.2. Ukiweka ya 3.2 kwenye taa iliyotengenezewa 3.7, inajazwa kupita kiasi na kuvimba. Ukigeuza, haijai hata nusu. Zinafanana umbo, na mafundi wa haraka huzichanganya.

Nguzo, mahali ambapo hakuna ukuta: bomba la chuma la inchi 2, urefu wa mita 6, mita moja ndani ya ardhi. Shimo la sentimita 40 kwa 40, kina cha mita moja, linachukua mfuko mmoja wa saruji kwa mchanganyiko wa 1:2:4. Hata hivyo ukuta wa nyumba inayokaliwa ni bora kuliko nguzo. Taa juu ya dirisha la mama anayeuza chapati hadi saa 4 haiibiwi. Taa ya kwenye nguzo peke yake huondoka na paneli yake, isipokuwa boliti zimechomelewa vichwa.

Vichochoroni sola ya kipande kimoja ndiyo inayong'aa, na hapa tunaipa alama za juu. Iweke kwenye hali ya mwanga hafifu unaopanda mtu akipita, si ile inayozima kabisa, kwa kuwa taa inayolipuka ghafla gizani inampofusha anayetembea. Urefu wa mita 3 unatosha. Sensa ya joto la mwili husoma mita 5 hadi 6 hivi, na usiku wa joto la Februari husoma pungufu. Sensa ya rada hufika mbali zaidi lakini mgomba ukitikiswa na upepo inauchukulia ni mtu, na betri inaisha kwa ajili ya majani. Rimoti hutumia mwanga kama ya televisheni, kwa hiyo ya taa moja huamrisha zote za aina ile: mkabidhini mtu mmoja tu.

Pa kuziweka pasiamuliwe kwenye kikao. Mchukueni mtoto mdogo kuliko wote kikundini, mtembee naye saa 3 usiku kutoka uwanjani hadi kwao, na mweke alama kila kona ambapo hamuoni uso wa anayekuja. Kona kwanza, njia iliyonyooka baadaye. Taa isielekezwe machoni mwa anayeingia kichochoroni, maana nyuma ya mwanga mkali mtu anaweza kusimama asionekane. New York mwaka 2016 minara ya taa iliwekwa kwa bahati nasibu kwenye baadhi ya makazi ya umma, na uhalifu mkubwa wa nje nyakati za usiku ulipungua kwa asilimia 36 hivi. Minara ile ilikuwa mikubwa mno kuliko chochote cha Kariakoo, kwa hiyo msitarajie hesabu ileile. Taa ya kichochoroni inawasaidia walinzi wa ulinzi shirikishi waone; haichukui nafasi yao.

Jirani anayelalamika kuwa mwanga unaingia chumbani kwake ana haki. Kofia ya bati ya sentimita 15 juu na pembeni mwa taa inamaliza ugomvi kwa gharama ya kipande cha bati, na ifungwe siku ya kwanza, kabla hajaenda kwa mjumbe. Vivyo hivyo saa ya kufunga: ikiwa taa za uwanjani ni za sola, bonyezeni 3H kwenye rimoti. Zikiwaka saa 12:30 zinazima zenyewe saa 3:30, ngoma inanyamaza, na hakuna mzee anayelazimika kutoka na kanzu kuja kuwafokea vijana. Taa za umeme zifungiwe taima ya soketi inayofanya kazi hiyo hiyo.

Dukani mwombe muuzaji aandike kwenye risiti volti na ampea-saa za betri, si wati. Akikataa, duka la jirani lina taa ile ile.