Wati za makaratasi: pawa amplifaya yangu ya besi

Sifa za mashine zisomeni wenyewe kwenye boksi lake. Mimi nina hasira, na sifa zitafuata kama zitabaki.

Niliinunua miezi kadhaa iliyopita kwa sababu ni nyepesi na wati zake zinatisha. Ile ya zamani yenye transfoma kubwa ilishaniumiza mgongo vya kutosha. Sasa juzi juzi tuko jukwaani, watu wamejaa, mpiga dramu kakolea. Nikashuka kwenye uzi wa B, ule mnene wa gitaa la nyuzi 5, nikauacha ulie. Taa nyekundu ya ulinzi ikawaka. Kimya. Ikarudi, nikaugusa uzi uleule, ikalala tena! Wimbo uliobaki nilikuwa nawachapia watu bubu, mwimbaji ananikodolea macho kana kwamba nimezima mimi.

Na msiniambie niliibebesha mzigo. Spika zangu ni mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme; zikipungua, mzigo wa amplifaya unazidi), zikiunganishwa sambamba zinakuwa omu 4, na nyuma ya mashine wameandika kila chaneli inabeba 4. Ningeiweka kwenye briji, yaani chaneli zote mbili zisukume spika hizohizo kwa pamoja, ningenyamaza, maana huko kila chaneli ingekuwa inasukuma omu 2. Sikuiweka.

Nikawapigia simu. Kijana wa huduma kwa wateja akanisikiliza nusu, akasema: "Kaka, punguza besi." Nipunguze besi kwenye amplifaya ya gitaa la besi! Nikamuuliza, hizo wati ni za mfululizo au za kilele? Akacheka. Jamani, alicheka. "Za kilele, kaka, kila mtu anajua."

Haya, kama hukujua, ujue leo. Wati za kilele ni za kufumba na kufumbua. Uzi wa B ulioachwa wazi unatetema kama mara 31 kwa sekunde na unadai umeme muda wote unaolia. Uliza wati za mfululizo, kwa omu ngapi, na zimepimwa kwenye sauti gani, kwa sababu wapo wanaopima kwa toni moja ya 1,000 Hz, yaani mitetemo 1,000 kwa sekunde, na huko mpiga besi ana kazi gani? Tena usibabaishwe na namba kubwa: kutoka wati 500 kwenda 1,000 unaongeza desibeli 3 tu, kwa kipimo cha ukubwa wa sauti.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba inapolia, inalia kweli. Mazoezini, kwa sauti ya wastani, ni safi, noti zinatoka moja moja, feni huisikii. Mwenye gitaa la nyuzi 4 anayepiga ukumbi mdogo, pengine achukue tu. Nilikuja hapa kusema msinunue, sasa sijui nasema nini.

Nyota 3. Hapana, 2. Barua pepe yao imeingia sasa hivi, wanauliza kama nimejaribu kuizima na kuiwasha upya. Kuizima? Si inajizima yenyewe!