Mashine za kusoma mboni kwa wabanguaji wa Mtwara: ya mkononi safi, ya ukutani ina masharti

Mafuta ya ganda la korosho huunguza ngozi, na mbanguaji wa siku nyingi hubaki na vidole ambavyo mashine ya alama za vidole haivisomi. Ndiyo maana mashine ya mboni, inayomtambua mtu kwa jicho lake, inafaa kwa karakana za Mtwara na Lindi. Swali la wafanyakazi ni moja: je, taa yake haidhuru macho? Wana haki ya kuuliza.

Taa hizo hutoa infraredi, yaani mwanga ambao jicho karibu halioni, mara nyingi wenye urefu wa wimbi wa nanomita 850. Gizani utaona wekundu hafifu tu. Mwanga mkali wa kawaida ukikupiga, unafumba macho na tundu la mboni linasinyaa. Infraredi haiamshi kinga hiyo, kwa hiyo usalama lazima utoke kwenye mashine yenyewe. Mafundi wa kioo wa zamani walipata mtoto wa jicho kwa kukaa miaka mingi mbele ya tanuru. Hizi taa ndogo haziko karibu na kiwango hicho.

Kabla ya kulipa, dai ripoti ya kipimo cha IEC 62471, kiwango cha kimataifa cha usalama wa taa kwa macho. Humo taa hupangwa kwa makundi, na infraredi ya kundi salama kabisa haizidi wati 100 kwa mita ya mraba, kiwango kinachomlinda mtu anayeangaziwa zaidi ya sekunde 1000, yaani kama dakika 17. Angalia pia umbali: kipimo hicho huchukuliwa sentimita 20 kutoka kwenye taa, wakati mashine nyingi husoma jicho likiwa karibu zaidi. Umbali ukipungua nusu, mwanga unaongezeka hadi karibu mara nne. Ripoti yenye wati 20 kwa sentimita 20 inakupa kama 80 kwa sentimita 10, bado ndani ya kiwango. Yenye 60 inakupa 240. Kwa mtu anayesomwa sekunde tano hilo si tatizo, maana kiwango cha muda mfupi ni kikubwa zaidi. Tatizo ni kwa anayekaa mbele yake muda mrefu.

Hapo ndipo mashine mbili hizi zinapoachana. Ya mkononi, yenye kikombe cha mpira cha kuziba macho yote mawili, tunaipendekeza bila kusita: mpira unashika umbali, unazuia jua, na taa huwaka wakati wa kusoma tu. Kasoro yake ni usafi. Kikombe kinapita uso hadi uso, kwa hiyo kifutwe kila mtu anapomaliza, na kioo kipanguswe kwa kitambaa laini kikavu, si kwa ncha ya kanga yenye vumbi la korosho.

Ya ukutani ni nzuri pale tu inapokuwa na kihisi cha kuwasha taa mtu anaposogea na kuzima anapoondoka. Zipo zinazowaka siku nzima, na mara nyingi mlinzi wa mlangoni amewekewa kiti mkabala nazo. Hamisha kiti. Kutoka sentimita 20 hadi mita moja, mwanga unabaki kama sehemu moja ya 25.

Kuhakikisha kama inazima, washa kamera ya mbele ya simu na ielekeze kwenye taa. Kwa simu nyingi utaona vidoa vyeupe vya zambarau. Mtu akishaondoka, vidoa vipotee. Hiki si kipimo cha nguvu, ni cha kuwaka na kuzima tu, lakini muuzaji asiyekuruhusu kukifanya dukani usinunue kwake.

Usiifunge mlangoni panapoingia jua la mchana. Jua lina infraredi nyingi, picha inajaa weupe, mashine inakataa, na msimamizi anaanza kuwaambia watu wasogeze uso zaidi na zaidi. Ifunge ndani, kwenye kivuli, na chora mstari sakafuni pa kusimama. Miwani ivuliwe, maana kioo hurudisha mwanga kwenye kamera.

Macho yakiwasha baada ya kusomwa, mara nyingi ni kwa sababu mtu amekodoa bila kupepesa, kwenye vumbi. Mwambie apepese kwanza, kisha atulie. Aliyetiwa dawa ya kutanua mboni kliniki asubiri hadi kesho yake: tundu lililo wazi linaingiza mwanga mwingi, na sura ya mboni imebadilika kiasi kwamba mashine inaweza kumkataa.