Kasa alipanda, tochi ikamrudisha baharini

Nilitaka niisifu tu safari hii ya usiku ya kwenda kuona kasa wakitaga ufuoni. Ufuo wenyewe sijaona mfano wake: hakuna taa, hakuna jengo, ni mchanga na vichaka na mawimbi, na giza ambalo ukinyoosha mkono huuoni. Lakini kila nikianza kusifu naikumbuka ile tochi, na hasira inanipanda upya.

Tulikuwa kundi la watu kama kumi, na mwongozaji mmoja. Tulitembea sana bila kuona chochote, halafu mbele yetu kitu kama jiwe kikatoka majini. Nilimsikia kabla sijamwona vizuri: pumzi moja nzito, ndefu, kama ya mtu anayetua mzigo. Kasa jike, mkubwa. Anajikokota kidogo, anapumzika, anajikokota tena. Mnyama huyu huchukua miaka mingi, hata ishirini na zaidi, mpaka apevuke, kisha hurudi kutaga pande zile zile alikoanguliwa. Na mimi nilikuwa nimesimama hapo hapo, siku hiyo hiyo.

Hapo tulitakiwa tukae chini, mbali, kimya, mpaka aanze kutaga. Akishaanza, hashtuki kirahisi. Mtu anaweza kusogea taratibu kwa nyuma yake, kwa taa nyekundu hafifu. Lakini akiwa bado anapanda, mwanga mmoja au kivuli kinachotembea kinatosha kumgeuza. Mwongozaji wetu akawasha tochi nyeupe akammulika usoni. Usoni! "Njooni haraka, pigeni picha kabla hajaanza kuchimba." Watu wakakimbilia, simu zikawaka kila upande.

Nikamwambia, "Kaka, zima taa, unamfukuza." Hata kunigeukia hakunigeukia. "Dada, ulilipa uone. Si umeona?"

Neno hilo limenikaa kooni mpaka leo. Kasa alisimama, mchanga umemganda chini ya jicho pale yanapopita yale machozi ya chumvi, kisha akazungusha mwili wote akaanza kushuka. Tumboni ana mayai, pengine mia na ushee, na hakupata pa kuyaweka. Wimbi moja likamfunika. Wenzangu siwalaumu sana, hawakuambiwa. Yeye alijua.

Kwa hiyo nilipolala niliapa kumwambia kila mtu asiende.

Lakini kabla ya jua kuchomoza nilitoka na mzee mmoja anayelinda viota, mtu mpole, hana tochi kabisa. Alinisimamisha nyuma ya kiota cha miezi miwili hivi, nisiwazibie watoto wa kasa mwangaza wa baharini, maana ndio unaowaonyesha njia. Mchanga ukadidimia katikati. Kikatokea kichwa kimoja cheusi, kikatulia. Halafu ghafla mchanga wote ukawa unachemka watoto wa kasa, kila mmoja anaenea kiganjani, wanapandana, wanateleza, wanakimbilia maji. Mmoja alipita juu ya nyayo ya mguu wa mzee, naye hakutikisika. Nililia, sioni haya kusema.

Basi nendeni. Nendeni na mtu kama huyo, na kabla ya kulipa muulizeni mwongozaji atatumia taa gani. Akisita tu, ondokeni. Au msiende kabisa, sijui, maana ukifika gizani ndipo utakapojua umeandamana na nani, na wakati huo kasa keshatoka majini.

Tukirudi tulipita pale pa usiku. Alama za yule kasa zilikuwa bado zipo, pana kama za trekta: zinapanda kutoka majini, zinapinda, zinashuka. Hakuna shimo. Pembeni nyayo zetu zimejaa. Mzee alizitazama kitambo, hakuuliza kitu. Alitoa daftari lake akaandika, "Amepanda, hakutaga," kisha akaburuta mguu juu ya alama zile kuzifuta, zisije zikahesabiwa mara mbili.