Wadi Hanifa: pa kupumzikia Riyadh bila kulipa hata riyali

Kila mgeni kutoka nyumbani anayefika Riyadh huniuliza swali lile lile: Ijumaa mnakwenda wapi? Maduka makubwa yana kiyoyozi, sawa, lakini jaribu kukaa chini unywe chai yako mwenyewe uone. Istiraha, zile nyumba za mapumziko zenye ua, zinakodishwa kwa usiku, na bei yake ni ya watu kuchangishana. Mimi ni dereva wa familia, mfuko wangu unajulikana, na jibu langu kwa kila anayeuliza ni Wadi Hanifa (wadi kwa Kiarabu ni bonde la mto). Huulizwi tiketi wala huulizwi wewe ni nani. Ila bonde hili lina urefu wa karibu kilomita 120, na sehemu moja si sawa na nyingine. Wapo wenzetu waliokwenda wakarudi wakinung'unika kwamba "hata maji hatukuyaona", kumbe walishukia pasipo na maji.

Basi jua kwanza limekaaje. Bonde linaanzia kwenye miinuko ya Tuwaiq kaskazini-magharibi, linapita Diriyah, linakata ubavu wa magharibi wa jiji, kisha linateremka kusini hadi Al-Ha'ir na kuelekea Al-Kharj. Upande wa juu ni mkavu. Kule unakwenda kuona mitende, mashamba ya zamani na kuta za udongo za At-Turaif, mji mkongwe wa ukoo wa Saud ulioingizwa kwenye Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2010. Bwawa la Al-Elb liko huko huko, na hujaa mvua inaponyesha tu. Anayetaka mto unaotiririka mwezi wa nane, jua likiwa utosini, ashuke kusini.

Mto huo unatoka wapi, katika jiji linalopata mvua ya takriban milimita 100 kwa mwaka? Unatoka kwenye mabomba. Riyadh inakunywa maji ya bahari yaliyotolewa chumvi huko pwani ya Ghuba, Jubail hasa, kisha yakasukumwa mamia ya kilomita mpaka jijini, mita 600 hivi juu ya usawa wa bahari. Watu wanapikia, wanaoga, wanaosha magari (mimi ni mmoja wao, kila asubuhi), halafu maji yanakwenda kwenye mitambo ya majitaka, na yakishasafishwa mengine humwagwa wadini. Yanaungana na maji ya ardhini yanayopampwa chini ya jiji. Kwa hiyo ukitandika jamvi lako ukingoni pale, jua kwamba umekaa kando ya maji ambayo juzi yalikuwa ya mtu kutawadhia. Mimi hilo halinipunguzii hamu ya chai. Linanifanya niuangalie mto kwa heshima zaidi.

Haikuwa hivi zamani. Kuna mzee wa Kisudani, dereva mwenzangu mkongwe, anasimulia jinsi malori yalivyokuwa yakishuka bondeni usiku kumwaga kifusi. Jiji lilipoanza kupanuka kwa kasi miaka ya 1970, wadi ikachimbwa mawe na mchanga, ikafukiwa na mabaki ya ujenzi, na majitaka yakapata pa kutuama. Mamlaka ya maendeleo ya jiji ndiyo iliyoamua kuifufua, ikawaita wasanifu wa Moriyama & Teshima kutoka Kanada na wahandisi wa Buro Happold kutoka Uingereza. Mwaka 2010 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Usanifu ya Aga Khan. Naam, Aga Khan yule yule wa hospitali zetu kule nyumbani.

Jambo ninalowasifu zaidi ni utaratibu wa kazi yenyewe. Hawakuanza na bembea na taa. Walizoa kifusi, wakaurudishia mkondo umbo lake ili mafuriko yapite, wakashughulikia maji, ndipo wakaja kwenye miti na mahali pa watu kukaa. Nimeona bustani nyingi za maji zilizoanzwa kwa kupakwa rangi mabenchi huku mfereji unanuka. Hii ilijengwa kwanza kama njia ya maji, na starehe yote imekuja kukaa juu ya hiyo.

Kituo cha kusafishia mto kiko upande wa kusini wa jiji, na wapitao wengi hudhani ni bustani ya mawe. Maji yanagawanywa kwenye vyumba 134 vyenye kingo za mawe. Humo hakutiwi kemikali. Maji hupigwa hewa, hupita juu ya changarawe na mawe, na juu ya mawe hayo huota utelezi. Inama utazame jiwe moja lililo karibu na uso wa maji: lina ngozi ya kijani, laini, yenye nyuzi zinazopepea na mkondo. Hiyo ni mwani na bakteria, nao ndio wafanyakazi wa pale. Wanakula naitrojeni na fosforasi zilizobaki kwenye maji, wadudu na konokono wanawala wao, perege wanawafuata wadudu, na yangeyange kasimama pembeni akingoja perege. Kwingineko mkondoni kuna vizuizi vya mawe ambapo maji hushuka kwa kuporomoka, yakavuta hewa tena. Sina kipimo cha maabara, nina pua: maji kabla ya kituo inasikia harufu yake, baada ya kituo haiisikii.

Kitu cha pili kilichofikiriwa vizuri ni vile vizimba vya mawe vya kukalia. Ni kuta za nusu duara za mawe ya chokaa, zimepangwa kando ya njia, kila familia na chake. Ukuta unamficha aliyekaa jamvini, na upande wa wazi unatazama bondeni. Kwa hapa hilo si jambo dogo. Mama anaweza kufunua uso akala kwa raha na watoto wake bila macho ya barabara nzima kumwangukia, na hapohapo hajafungiwa ndani ya hema. Familia ninayoiendesha haitaki kusikia habari ya sehemu nyingine. Sisi makapera nasi tunajua mpaka wetu: ukuona jamvi na viatu vya watoto, pita, tafuta kizimba kingine mbele. Hata vibao na vizuizi vya magari ni mawe ya bonde lenyewe, kwa hiyo macho hayakwazwi na mabomba ya chuma yaliyopakwa njano.

Kwa wenye watoto, anzeni na Namar, bonde dogo linaloungana na Hanifa. Lina bwawa, njia pana ya kutembea kando ya maji na majabali yamesimama nyuma yake. Watembea kwa miguu watafurahi zaidi katikati ya bonde, chini ya migunga na mikunazi. Wapenzi wa ndege wende hadi maziwa ya Al-Ha'ir, ambako matete ni mengi. Utakuta watu na ndoano zao huko. Mimi samaki wa pale nawatazama tu. Historia ya maji nimeshakueleza. Kuogelea usithubutu.

Sasa lawama, na nyingi ni zetu tunaokwenda. Jumamosi asubuhi vizimba vingine vina maganda ya mbegu, majivu na mifuko ya mkate, na pipa la taka liko hatua chache tu. Mkaa wa moto unamwagwa kwenye shina la mgunga, mti uliohitaji miaka kufika kimo cha kukupa kivuli. Njoo na jiko lako la miguu; kuwasha moto nje ya sehemu zilizotengwa kuna faini kisheria, na ni haki. Vyoo hutosha siku za kazi, ila usiku wa kuamkia Ijumaa jiandae kupanga foleni. Mbu wapo jua likizama, hasa kwenye matete. Na bila gari utasumbuka: teksi ya kukuleta utaipata, ya kukurudisha saa nne usiku kutoka chini bondeni ni bahati.

Kuhusu mvua sitanii. Kuanzia mwezi wa kumi na moja hadi wa nne, wingu likipiga Tuwaiq, maji hufika mjini hata kama juu yako mbingu ni safi. Nyasi unazokalia zimewekwa pale pale mafuriko yanapotakiwa kutanuka, kwa hiyo zikizama si uharibifu, ni kazi yake. Ulinzi wa raia wakituma onyo kwenye simu, kunja jamvi uondoke, na barabara ya chini ikiwa na maji usijaribu kuivuka hata na gari kubwa. Kuvuka wadi inayotiririka kuna faini ya maelfu ya riyali, kama utavuka salama.

Bonde hili nalipa nyota nne. Ya tano naizuia kwa ajili ya usafiri, maana walioihitaji zaidi bustani ya bure ni wale wasio na gari. Wakati mzuri ni mwezi wa kumi na mbili na wa kwanza, baada ya swala ya alasiri. Njoo na koti, bondeni baridi hushuka mapema kuliko mjini, na mfuko wako wa taka usiusahau kwenye buti.